Kuwaonyesha Watoto Mickey's House of Villains Msimu wa Halloween: Mwongozo kwa Wazazi Waswahili Walioko Marekani

Mickey's House of Villains ni filamu ya katuni ya takriban dakika 70 ambayo kampuni ya Disney iliitoa mwezi Septemba 2002 moja kwa moja kwenye kanda za video na DVD, bila kuipitisha kwenye majumba ya sinema. Imetokana na mfululizo wa televisheni ulioitwa House of Mouse, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2001, ambamo Mickey na wenzake wanaendesha ukumbi wa chakula na burudani: Minnie anasimamia ratiba, Donald anasaidia kukaribisha wageni, Goofy ni mkuu wa wahudumu, na Daisy yuko mapokezi. Wanaokaa mezani ni wahusika wa katuni nyingine za Disney, wema kwa wabaya. Katika filamu hii ni usiku wa Halloween, na wabaya waliokuja kama wageni, wakiongozwa na Jafar, wanauteka ukumbi, wanaubadilisha jina na kuwatupa wenyeji nje.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi anayezungumza Kiswahili na anayelea watoto Marekani, ambaye mtoto wake wa miaka minne hadi tisa amerudi kutoka shuleni mwezi wa Oktoba akiomba filamu ya kutisha kama wanayoisimulia wenzake. Familia zisizoiadhimisha Halloween kwa sababu za dini hazina haja ya kuifunga filamu hii na tarehe 31 Oktoba. Inatazamika Jumamosi yoyote ya baridi, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa itawafaa vilevile.

Jambo la kuelewa kabla ya hatua yoyote ni kwamba filamu hii imeundwa kama mkeka. Mkeka haufumwi wote kwa mara moja. Husukwa ukili, kisha ukili ukashonwa ubavu kwa ubavu. Humu ukili ni katuni fupi zilizotengenezwa katika miaka tofauti kabisa, kuanzia 1937 hadi 2000, na uzi unaozishona ni kisa cha Jafar na ukumbi. Mzazi anayeujua ushonaji huo anaweza kusimamisha, kuruka na kurudia bila ya kumharibia mtoto hadithi, na hiyo ndiyo faida kubwa ya filamu hii juu ya filamu nyingi za msimu huu.

Hatua ya kwanza: Pata nakala

Njia isiyo na gharama ni maktaba ya umma ya mji wako. Maktaba nyingi za Marekani huazimisha DVD bure kwa mwenye kadi, na kama tawi la karibu halina, mkutubi anaweza kukuagizia kutoka tawi jingine. Agiza mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu filamu za Halloween huchukuliwa mapema. Wenye Disney+ waitafute kwa jina lake kamili siku kadhaa kabla, maana huduma za aina hiyo huongeza na kuondoa filamu, na kugundua jambo hilo mbele ya watoto watano waliokwisha kukaa mkekani ni adha isiyo ya lazima.

Wapo wanaonunua DVD ya mitumba ili waitume kwa binamu walioko Dar es Salaam au Nairobi. Ifahamike kwamba DVD nyingi zinazouzwa Marekani zimefungwa zichezwe katika eneo namba 1 la dunia tu, ilhali Afrika Mashariki iko eneo namba 5, na mfumo wa picha nao ni tofauti: NTSC huku Marekani, PAL kule. Kama deki ya huko si ile inayokubali DVD za maeneo yote, watapokea kifuniko kizuri chenye picha ya Mickey na si zaidi.

Hatua ya pili: Itazame peke yako, daftari likiwa mkononi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na mimi ni mmoja wao. Mwaka wa kwanza niliiweka filamu saa mbili na nusu usiku, watoto wakiwa wametoka kuzunguka mitaani na kushiba peremende, nikaenda jikoni nikiamini kwamba katuni ya Mickey haiwezi kuwa na neno. Mdogo wao, aliyekuwa na miaka mitatu, aliifikia sehemu ya bibi kizee mla watoto bila mtu mzima chumbani. Kwa siku kadhaa baada ya hapo hakukubali kwenda msalani peke yake.

Unapotazama, andika dakika ambapo kila katuni fupi inaanza na kuisha. Hizi ndizo utakazokutana nazo, pamoja na maoni yangu juu ya kila moja. Hazikupangwa hapa kwa mfuatano wa filamu, bali kwa uzito wake.

Lonesome Ghosts, ya mwaka 1937, ndiyo lulu ya mkusanyiko huu. Mizuka minne inaishi katika nyumba iliyotelekezwa na imechoka kukaa bila mtu wa kumtisha, kwa hiyo inapiga simu kuwaita Mickey, Donald na Goofy, ambao kazi yao ni kufukuza mizuka kwa malipo. Watatu hao wanahangaishwa kila chumba. Mwishoni wanaangukia asali ya miwa na unga, wanatoka weupe pepepe, na mizuka yenyewe inapowaona inatimua mbio. Mtoto akielewa kichekesho hicho, yaani kwamba mwenye kutisha naye huogopa, amepata ufunguo wa filamu nzima. Ndiyo maana napendekeza katuni hii itazamwe mara mbili: mara moja peke yake, siku chache kabla, na mara ya pili mahali pake ndani ya filamu.

Trick or Treat, ya mwaka 1952, ni somo la desturi yenyewe kwa familia ambayo hii ni Oktoba yake ya kwanza Marekani. Wapwa watatu wa Donald, mmoja amevaa kama mzuka, mwingine kama shetani na wa tatu kama mchawi, wanabisha hodi mlangoni wakiomba peremende; Donald anawatilia fataki mikobani na kuwamwagia maji. Bibi mchawi aitwaye Hazel anawahurumia watoto, anapika dawa katika chungu, na kumwadhibu mjomba mchoyo hadi miguu yake inacheza bila ridhaa yake. Hapa mchawi ndiye mwema na mwenye nyumba ndiye mbaya, jambo ambalo linahitaji maneno mawili matatu kwa mtoto aliyelelewa katika hadithi zetu, na nitalirudia hapa chini. Fataki nazo zitajwe waziwazi kuwa ni mzaha wa katuni.

Hansel and Gretel, ya mwaka 1999, inawaweka Mickey na Minnie katika hadithi ya Kijerumani ya watoto waliopotea msituni wakakuta nyumba ya peremende. Inaendeshwa na muziki wa Mfaransa Saint-Saëns, ule wa mwaka 1874 unaoitwa Danse macabre, na picha zake ni za giza kuliko zote zilizomo. Imechorwa kwa ustadi mkubwa, pengine kuliko kipande kingine chochote cha miaka hiyo, lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka sita ningeiruka bila kuomba radhi.

Mickey's Mechanical House, pia ya mwaka 1999, inamhusu Mickey anayechoshwa na nyumba yake kuukuu inayolialia, akahamia nyumba mpya inayojiendesha kwa mitambo, kisha akajuta. Msimulizi ni mchekeshaji Mwingereza John Cleese, na anasimulia kwa vina mwanzo mpaka mwisho. Haitishi hata kidogo. Mtoto mwenye sikio la ushairi ataipenda, ingawa Kiingereza chake ni cha haraka.

Donald Duck and the Gorilla, ya mwaka 1944, inasimulia usiku wa mvua ambapo gorila ametoroka bustani ya wanyama wakati Donald na wapwa zake wanatishana kwa mzaha, hadi gorila wa kweli anapoingia ndani. Inaisha kwa gesi ya kutoa machozi, wote wakilia pamoja na gorila mwenyewe. Kwa familia zilizotoka Kivu au Rwanda, ambako gorila wa milima ya Virunga ni mnyama wa kweli anayetafuna majani na mianzi, hapa pana nafasi nzuri ya mzazi kusema kwamba mchoraji wa Marekani wa mwaka 1944 alichora hofu yake mwenyewe, si gorila.

Tatu zilizobaki ni nyepesi. Katika How to Haunt a House Goofy ni mzuka anayefundishwa na sauti ya msimulizi namna ya kumtisha Donald. Donald's Halloween Scare ni ugomvi mwingine wa Donald na wapwa zake juu ya peremende. Na Dance of the Goofys ni dansi tu, nayo hufaa kwa kwenda kuchukua maji ya kunywa.

Hatua ya tatu: Watambulishe maadui kabla ya siku

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa filamu hii methali igeuzwe: ni mtoto ndiye amjue zimwi. Wabaya waliomo hawakubuniwa kwa ajili ya ukumbi wa Mickey. Kila mmoja ametoka katika hadithi yake, na katika hadithi hiyo alikwisha kushindwa. Mtazamaji wa Kimarekani wa mwaka 2002 aliyajua hayo tangu utotoni, na filamu inategemea ujuzi huo kiasi kwamba haielezi yeyote kati yao ni nani. Mtoto asiyewajua huona tu kundi la viumbe wakali wanaocheka. Mtoto anayewajua huona watu walewale ambao wameshaadhibiwa, wamekutana mezani kupanga tena.

Kwa hiyo, wiki moja kabla, tenga dakika kumi kila jioni wakati wa kulala na usimulie mmoja mmoja, kwa Kiswahili, kama tunavyosimulia hadithi zetu. Mzazi aseme "Paukwa!" watoto wajibu "Pakawa!", au "Hadithi, hadithi!" na "Hadithi njoo!" kwa waliozoea hiyo. Watano wanatosha, kwa kuwa ndio viongozi wa uasi.

Anza na Jafar, wa filamu ya Aladdin ya mwaka 1992. Ni waziri wa sultani anayetaka usultani uwe wake, na waziri wa namna hiyo yumo katika hadithi nyingi za pwani, kwa hiyo mtoto atamfahamu upesi. Sisitiza mwisho wake: tamaa ya kuwa na nguvu kuliko wote ndiyo iliyomfungia ndani ya taa. Usiisahau taa hiyo, kwa sababu filamu yetu inaisha kwa taa. Baada yake msimulie Ursula wa mwaka 1989, mwanamke mwenye mikono ya pweza aliyeichukua sauti ya nguva mdogo. Kapteni Hook wa mwaka 1953, haramia aliyeliwa mkono na mamba, ambaye mpaka leo akimsikia mamba huyo hutetemeka. Cruella de Vil wa mwaka 1961, aliyetaka kushona koti kwa ngozi za watoto wa mbwa. Na Hades wa mwaka 1997, mtawala wa kuzimu katika visa vya Wayunani, ambaye nywele zake ni moto wa buluu. Hook ndiye anayependwa zaidi na watoto wadogo. Mtu mzima mwenye upanga anayemkimbia mamba ni kichekesho ambacho hakihitaji tafsiri.

Sasa suala la maneno, ambalo ni zito kuliko linavyoonekana. Kiingereza kina maneno yaliyochakaa kwa michezo ya watoto, ambayo yakivuka kuja kwa Kiswahili yanapata uzito mwingine. Kiumbe wa taa kwa Kiswahili ni jini, na katika nyumba nyingi za Kiswahili jini si mchezo. Wapo wanaosoma dua wakitajwa. Bibi wa chungu ni mchawi, na neno mchawi kwetu ni tuhuma inayoweza kumpeleka mtu kaburini. Mizimu nayo ni wazee waliotutangulia, na si vizuri mtoto ajifunze kuwacheka. Ushauri wangu ni kuteua maneno mapema na kuyashikilia: mizuka kwa wale weupe wa 1937, bibi Hazel kwa yule wa chungu bila kumwongezea cheo, na "yule wa kwenye taa" kwa jini ikiwa nyumba yenu inalikwepa neno hilo. Bibi au babu aliyekuja kutembea kutoka nyumbani aelezwe kabla, ili asikie maneno yanayoeleweka sebuleni na asije akaizima televisheni katikati, kama ilivyowahi kutokea kwetu.

Kwa maadui kwa jumla, tumieni lugha ya vibanda vya video: kila filamu ina stelingi na adui, na kila mtoto wa vibandani alijua kwamba stelingi hafi. Ukimwambia mwanao kwamba Mickey ndiye stelingi, na ukamweleza neno hilo lina maana gani, umempa nusu ya ujasiri anaouhitaji.

Hatua ya nne: Chagua siku na saa

Usiku wenyewe wa tarehe 31 haufai. Tangu mwaka 2007 saa za Marekani hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo siku ya Halloween jua bado linachelewa kuzama, watoto hutoka kuzunguka mitaani wakati wa magharibi, na hurudi wakiwa wamechoka na wamejaa sukari. Dakika 70 zaidi baada ya hapo ni kutafuta kilio. Jumamosi iliyotangulia, kuanzia saa tisa alasiri, ndiyo nzuri: filamu inaisha kabla ya giza, na panabaki saa kadhaa za mwanga na mchezo kabla ya kulala.

Ukiwaalika watoto wa majirani, andika saa kwa tarakimu za Kimarekani. Mwanao mwenyewe, ukimwambia saa tisa, anaweza kukaa kimya mpaka saa tatu usiku akisubiri.

Hatua ya tano: Sebule na vitafunio

Taa zisizimwe zote. Moja ibaki inawaka nyuma ya watazamaji ili mtoto akigeuka aone nyuso za wenzake. Sauti ipunguzwe kidogo kuliko kawaida, kwa sababu wimbo wa maadui una vishindo. Mkeka na mito sakafuni ni bora kuliko makochi, kwa kuwa mtoto mwenye hofu huweza kusogea na kuegama bila kuonekana kwamba amesogea.

Bisi zisipewe watoto wa chini ya miaka minne. Madaktari wa watoto wa Marekani wanazihesabu miongoni mwa vyakula vinavyopalia. Kashata za nazi ni salama kuliko za karanga iwapo kuna watoto wa watu wengine, na wazazi wao waulizwe juu ya mzio kabla, si baada. Boga la kuchonga likiwapo, liwekewe taa ya betri badala ya mshumaa.

Hatua ya sita: Tazameni kwa vituo

Chukua daftari lako la hatua ya pili na uamue vituo vitatu. Usizidishe, maana filamu inayosimamishwa kila dakika tano inakuwa darasa.

Kituo cha kwanza kiwe mwishoni mwa mojawapo ya katuni za awali, mradi iwe ile ambayo watoto wamecheka sana. Uliza swali moja tu: nani alimtisha nani? Watoto wa miaka minne hujibu swali hilo vizuri kuliko swali la kwa nini.

Kituo cha pili ni muhimu kuliko vyote, nacho kiwe mara tu baada ya wimbo wa maadui kuuteka ukumbi. Maana ya maneno ya wimbo huo, yanayorudiwa kama kiitikio, ni kwamba nyumba sasa ni yetu sisi. Jafar na wenzake wanacheza, sura ya ukumbi inabadilika, na Mickey na jamaa zake wanarushwa barabarani. Kwa watoto wengi huo ni mchezo, na kwa masikio yangu ndio muziki bora wa filamu yote. Lakini miongoni mwetu wapo waliokuja Marekani kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Kyangwali, ambao wanajua hasa maana ya watu kuingia nyumbani usiku na kusema nyumba sasa ni yetu. Mtoto aliyezaliwa huku huenda hajui lolote, naye atacheka, ilhali kaka yake mkubwa au mama yake aliyekaa nyuma hacheki. Mzazi wa familia ya namna hiyo apime mwenyewe. Anaweza kuitazama sehemu hiyo peke yake kwanza, akaamua kuuruka wimbo na kusema kwa mdomo wake tu kwamba maadui wamechukua ukumbi kwa muda. Neno "kwa muda" lisikosekane. Anaweza pia kuiacha filamu nzima na kuwaonyesha watoto Lonesome Ghosts peke yake, na hapo hawatakuwa wamepungukiwa na kitu kikubwa.

Kwa wanaoendelea, kituo hicho ndicho mahali pa kuuliza kila mtoto angefanya nini kurudisha ukumbi. Majibu yaandikwe au yachorwe. Siku tulipofanya hivyo, mmoja alisema angempigia simu mwenye nyumba, na kweli, katika mfululizo wa televisheni ukumbi una mwenye nyumba, Pete, ambaye shida yake kubwa ni kutaka kuufunga.

Kituo cha tatu kiwe kabla ya katuni mnayokusudia kuiruka. Usiiruke kwa siri, kwa sababu watoto wakubwa huona na hutangaza. Sema wazi kwamba kipande kinachofuata ni cha wenye miaka sita na kuendelea, nao watakitazama kesho, kisha songa mbele kwa kutumia dakika ulizoandika.

Mwisho wa kisa hauna haja ya kusimamishwa. Mickey anavaa ile kofia ya buluu yenye nyota na mwezi, ambayo aliivaa mara ya kwanza katika filamu ya Fantasia ya mwaka 1940, na kupambana na Jafar kwa mipira ya moto. Mapambano hayo yana mwanga mkali, kwa hiyo ni vizuri mzazi awe karibu na mdogo kuliko wote. Hata hivyo si Mickey anayemaliza kazi. Daisy, ambaye watu hawakumtarajia, anaipata taa ya Aladdin, na maadui wote wanavutwa ndani yake mmoja baada ya mwingine. Mtoto uliyemsimulia habari za Jafar wiki nzima atapiga kelele kabla hujamwelekeza, kwa kuwa anajua ni mara ya pili kwa waziri huyo kuingia ndani ya taa.

Hatua ya saba: Hofu ikija usiku

Pamoja na maandalizi yote, mtoto mmoja anaweza kuamka. Usimwambie kwamba hakuna kitu. Yeye amekiona, na wewe ulikuwepo. Muulize ni nani aliyemjia. Kama ni mizuka, mkumbushe unga na asali ya miwa, na umwache akusimulie jinsi ilivyokimbia. Kama ni Hook, mwigizieni mamba. Kama ni bibi wa nyumba ya peremende, maana yake ni kwamba mtu alikuwa mtundu na daftari lako la dakika, na hapo kaa naye kitandani hadi alale, kwa sababu kwa huyo sina kichekesho cha kukupa.

Watoto wengi huuliza swali moja: sasa wako wapi? Jibu ni kwamba wamo ndani ya taa. Wenye DVD wana jibu zuri zaidi. Asubuhi, kabla ya kuirudisha maktaba, mpe mtoto aliyeogopa aitoe diski kwenye deki kwa mikono yake, aishike pembeni isiingie alama za vidole, aiweke ndani ya kifuko chake, akifunge kifuniko mpaka kilie, kisha yeye mwenyewe aidumbukize katika tundu la kurudishia vitabu.